Gia Iliyopasuka

Leo asubuhi nilichukua gia nzima, nikaipiga nyundo nyuma ya ghala la pamba mpaka ikapasuka vipande viwili.

Meneja wetu, Ikupa, alikuwa ametupatia sisi mafundi wa kiwanda mchana wa kila Ijumaa, pamoja na hela kidogo ya vifaa, tuchezee wazo lolote. Sharti lilikuwa moja tu: baada ya miezi mitatu kila mtu alete alichojaribu, hata kama kimeshindikana.

Mimi, fundi mkuu, niliona ni mambo ya kitoto. Ijumaa zangu zote nilichomelea geti la nyumbani kwangu Dutwa, kwa vyuma nilivyonunua kwa hela ileile.

Leo meza ilijaa. Mota iliyoungua, mkanda uliokatika, feni ya bati iliyopinda. Wenzangu walieleza walivyoshindwa huku wakicheka.

Nikaweka vipande vyangu. "Nilitaka kupunguza kelele za mashine," nikasema. "Ikapasuka mwezi uliopita."

Ikupa akaokota kimoja. Kilikuwa cheusi kwa mafuta na vumbi la pamba, ila pale kilipopasukia kiling'aa. Akapitisha kidole. Chembe za chuma zikabaki kwenye ngozi yake, zinameta.

Mafundi wote waliziona. Hakuna fundi asiyejua kwamba chuma kikikaa mwezi kinashika kutu.

Hakunigombeza. Alikirudisha mezani taratibu, katikati ya vitu vya wenzangu.

"Haya, mzee wangu," akasema. "Tuambie imekufundisha nini."