Kaske ya Studio

Muteba alivaa kofia ngumu ya pikipiki, akakaza mkanda chini ya kidevu, akakaa mbele ya maikrofoni yake na kuamuru kimya. Wa kumpigia kelele hakuwapo. Mkewe Sylvie alikuwa anachambua maharagwe mezani, na Lumbala, dereva wa pikipiki, alikuwa amesimama mlangoni. Ndiye aliyeileta kofia hiyo kutoka Lubumbashi.

"Inakuenea muzuri, papa?" Lumbala aliuliza.

Muteba alikuwa amemwagiza kaske. Alitaka vile vidude vya kufunika masikio wanavyovaa mafundi wa studio. Lakini Kamina kaske ni kaske, iwe ya masikio au ya pikipiki, na ukimwagiza mtu wa pikipiki atakuletea anayoijua yeye. Mwingine angecheka, akairudisha. Muteba alikuwa hajakosea hata mara moja tangu azaliwe, na hakuwa tayari kuanza siku hiyo.

"Hii njo ya studio kabisa," alisema, akiigonga kwa kidole, ko-ko-ko. "Inazuia sauti ya inje isiingie. Bantu ba Kamina habajue bintu!"

"Rudilia kidogo, Papa Tshala," Sylvie alimwomba mumewe. "Siyasikia muzuri."

Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Lumbala aliinama kufunga kamba za viatu, mabega yakimtikisika.

Yote hayo yalitokana na redio ya mji. Ilikuwa imetangaza shindano: mchezo wa kuchekesha wa dakika tano, uliorekodiwa nyumbani. Mshindi angechagua kifaa kimoja chochote katika duka la mfadhili. Muteba aliapa kwamba atashinda, na kwamba atachagua cherehani.

Ilimbidi aape. Cherehani ya Sylvie alikuwa ameiuza ili anunue maikrofoni, na hakumwuliza mwenyewe. Cherehani hiyo ndiyo iliyomsomesha binti yao Tshala mpaka akaolewa Kaniama. Ule ulikuwa unyang'anyi, hata kama mnyang'anyi ni karani wa reli mwenye tai. Sylvie alilia siku mbili. Siku ya tatu alinyamaza, na tangu hapo akawa mwanafunzi wa mumewe. Maikrofoni ilisimama dirishani, juu ya meza ya cherehani.

Sasa, kuna maikrofoni inayosikia mdomo tu, na kuna inayosikia kila kitu mpaka mbuzi wa jirani. Mwenye nyumba ya mabati kando ya reli huchagua ya kwanza. Muteba alichagua ya pili, kwa kuwa ilikuwa inang'aa zaidi. Tena ilikuwa ya aina isiyofanya kazi bila kadi ya sauti ya kuipa umeme, na kadi ya sauti hakuwa nayo. Kwa hiyo alikuwa hajarekodi hata kikohozi. Alikuwa bado anachagua.

Alichagua kila jioni, na alichagua kwa mdomo. Waya mrefu au mfupi? Kisimamio cha miguu mitatu au cha mezani? Godoro la kitandani alilipigilia misumari ukutani ili lizuie mwangwi, wakawa wanalala kwenye mkeka. Sylvie aliuliza maswali, na jibu likimpita aliomba lirudiwe. Muteba hakuwahi kupata msikilizaji wa namna hiyo, si nyumbani wala kazini, na alianza kumpenda upya.

"Na hii telefone yangu?" Sylvie aliuliza jioni moja. Simu yake ilikuwa imeegemea kopo la sukari, mahali pake pa kila siku. "Haiwezi kukamata sauti?"

Muteba alimhurumia kwa dhati.

"Telefone iko ya kuita bantu, mama. Hakuna kitu ya maana inaweza kutoka mule."

"Basi ikae tu hapa. Pengine Tshala atapiga."

Tshala alikuwa anapiga mara moja kwa mwezi.

Siku ya mwisho ya kupeleka michezo ilipita Muteba akiwa analinganisha nyaya mbili nyeusi. Alisema shindano lenyewe lilikuwa la washamba. Kuhusu cherehani hakusema neno, na Sylvie hakumwuliza. Safari hii hakulia pia.

Jumapili, walipotoka kanisani, Muteba aliwasha redio na kusogeza kiti ili apate kuwakosoa washamba vizuri. Mtangazaji alisema wataanza na mshindi. Kisha ikasikika sauti ya mwanamume akieleza namna ya kuchagua maikrofoni.

"Sikia!" Muteba aliinua kidole. "Huyu muntu anajua kazi! Sikia bile sauti inatoka safi. Huyu alinunua mikro ya kweli, si mambo ya telefone."

Redioni watangazaji walikuwa wanacheka mpaka wanakohoa.

"Banacheka nini? Anasema kweli tupu." Akasikiliza tena, akakunja uso kidogo. "Sauti yake tu njo mubaya. Iko kama ya mbuzi. Weye unaona je, mama?"

"Miye naona anajua," alisema Sylvie.

Kisha redioni kitu kikagongwa, ko-ko-ko.

"Hii njo ya studio kabisa," ikasema ile sauti ya mbuzi. "Inazuia sauti ya inje isiingie. Bantu ba Kamina habajue bintu!"

Sylvie alikuwa ameshasimama. Aliiondoa maikrofoni dirishani, akaitumbukiza ndani ya kaske, akachukua kitambaa na kuanza kupangusa meza ya cherehani.