Breki za Saumu

Siku hizi gari humsikiliza aliyelitengeneza kwa mkono wake tu. Mjukuu wangu Saumu amelifungia letu breki mpya hapa uani, peke yake, na kila nati imekaa sawasawa. Nilikaa kiti cha nyuma nikimsifu.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega, bibi."

"Humkumbatia anayezunguka, nyumba nzima ikasimama."

Akafikiri huku akijifuta grisi. "Sijui."

"Nipe mji."

"Haya, nenda Korogwe," akacheka.

Gari likafunga milango, likatoka. Saumu akalikimbiza akiita, lakini vioo vilikuwa vimeshapanda.

Kila kona breki zinashika vizuri ajabu. Mikono ya mtoto huyu ina baraka.

"Jibu ni breki," naliambia gari. "Breki, mwanangu. Simama."

Halinisikii. Sikufunga hata nati moja.