Chumvi ya Hafswa

Daktari wa utafiti alirudi na majibu ya kipimo cha jasho la Hafswa. "Mama, chumvi hii inatoka mwilini mwake mwenyewe. Kazaliwa na ugonjwa huu, na ndio unaofanya chakula kimpite tu asinenepe."

Mwanakheri akanywea. Kila alipombusu mwanawe alionja chumvi, akashikilia kuwa mama mkwe anamwogesha kwa siri maji ya chumvi ya kuondoa husuda, na ndiyo yanayomkondesha. Bi Kazija aliapa wee, na bado alitimuliwa.

Sasa alikuwa pale nje, kasikia mjukuu kaletwa hospitali. Mwanakheri akampelekea mtoto.

"Ngoja kwanza ninawe, mwanangu," alisema Bi Kazija. "Uone mwenyewe."

Akafungua bomba, akaisugua mikono, akageuza viganja, akaisugua tena.