Sura kwenye Kadi

Mlinzi wa duka la jumla la wanachama aliitazama picha kwenye kadi, kisha akamtazama Bi Mwatumu. "Mama, huingii kwa kadi ya mtu. Mwenyewe yuko wapi?"

"Ni marehemu. Mimi mkewe, jana tu nimetoka eda."

"Pole sana, mama. Lakini ndiyo sheria."

Nje, majirani saba walikuwa wakisubiri na ndoo tupu. Mumewe ndiye aliyekuwa akiwanunulia unga kwa gunia, wakagawana kwa kopo. Bi Mwatumu hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la usajili, akaketi mbele ya kamera.

"Nataka kadi yangu mwenyewe."

"Sawa. Ile ya zamani nipe niikate," karani alisema, mkasi mkononi.

Bi Mwatumu aliifumbata kadi ya mumewe, akaikazia macho kamera. "Piga picha."