Breki za Zaituni

Katika mji ule, fundi akishafunga breki mpya husimama mwenyewe chini ya mteremko, na mwenye gari huliteremsha kumwelekea. Zaituni alisimama hapo na kikombe cha chai, akaupa mteremko mgongo.

“Geuka basi, binti yangu, uione inavyokuja!” Mzee Mahimbo alipaza sauti akiwa kwenye usukani wa Landrova yake kuukuu.

“Wewe teremsha tu, mzee wangu.”

Hadi jana mkanda wa feni ulikuwa ukipiga mayowe, watu wakikimbilia kando kabla hawajaliona gari. Zaituni alikuwa ameubadilisha pia, kwa hiyo hakusikia kitu. Akapuliza chai, akanywa funda moja.

Ndipo joto la injini likamgusa mgongoni. Chai kikombeni haikutikisika.