Vishikwambi vya Wageni

Mkuu wa shule alikuta nailoni zimetapakaa sakafuni. Vishikwambi vilivyokuwa vikitolewa kabatini siku za wageni tu, vikapigwa picha na kufungiwa tena bila kuvuliwa nailoni, vilikuwa mikononi mwa darasa la sita.

“Mwalimu Tunu! Kesho wafadhili wanakuja. Wakute vimejaa alama za vidole?”

“Wakute watoto wanaojua kuvitumia. Mara ya mwisho Semeni aliombwa awashe kimoja, akakiweka sikioni kama simu.”

Darasa likaangua kicheko. Semeni naye alicheka, huku akikuza kwa vidole viwili picha ya moyo mpaka mishipa ikaonekana.

“Niombe radhi sasa hivi, au kesho usikanyage hapa,” mkuu alimfokea Tunu.

Tunu alichukua kishikwambi cha mwisho, akakichania nailoni, akamkabidhi mkuu mwenyewe.

“Bonyeza hapo pembeni, Mkuu. Radhi siombi.”