Ghubari

Matofali mia mbili mabichi ya Nyamizi yalikuwa uani yakikauka, jirani yake Bi Mwanakombo alipopaza sauti juu ya ua: "Ghubari hilo, mwenzangu! Ghubari!"

Nyamizi, mgeni wa miezi mitatu mjini pale, aliitikia asante akakimbilia ndani. Akafunga madirisha, akafunika mtungi, akajiziba pua kwa kanga akingoja vumbi lipite. Turubai lilibaki limekunjwa nyuma ya mlango.

Ikaja mvua ya kumwaga. Alipotoka, matofali ambayo yangekuwa kuta za chumba chake mwenyewe yalikuwa rojo linalotambaa kuelekea mferejini.

Bi Mwanakombo alikuwa amesimama langoni. "Si nilikuita, ukaitikia?"

"Ulisema ghubari."

"Ndilo hilo, wingu la mvua! Jeusi namna ile, hukuliona?"

"Kwetu ghubari ni vumbi, Bi Mwanakombo. Likija hatutazami juu. Tunafumba macho."

Bi Mwanakombo alitaka kucheka, akauona uso wa Nyamizi, akaacha. Alivua ndara, akapandisha kanga hadi magotini, akaingia kwenye rojo.

"Na hili, kwenu mnaliitaje?"

Nyamizi aliitazama miguu ya yule mama ikizama.

"Tope."

"Haya. Hata huku ni tope."

Akaanza kulikanyaga taratibu. Nyamizi akaiendea kalibu ya kufyatulia matofali, akaiinamisha, maji ya mvua yakamwagika.